Mzamiaji hapumui oksijeni: kilichomo mtungini, na kwa nini hatari iko njiani kupanda

Kila inapotangazwa ajali ya mzamiaji, sentensi moja haikosi: "mtungi wa oksijeni ulimwishia." Utaisikia redioni, utaisoma kwenye simu, na jioni utaikuta barazani imeshageuka hukumu. Hata mimi, nikirudi kijijini Matemwe, Unguja, kutoka kuzamia kwenye kisiwa cha Mnemba, watoto wanaokuja kupokea kamba ya boti huniuliza: "Oksijeni imebaki ngapi?"

Ni swali la heri, lakini limebeba kosa, na kosa lenyewe si la jina tu. Anayeamini kwamba mtungi una oksijeni huamini pia kwamba hatari pekee ni kuisha kwake. Kumbe mtu anaweza kuumia vibaya mtungi ukiwa na hewa tele, akiwa njiani kupanda, au hata saa mbili baada ya kutoka majini, ameshakula na amejinyoosha kivulini. Wapo waliopooza miguu namna hiyo.

Kwanza tuelewane maneno. Anayeshuka kwa pumzi yake mwenyewe, kama wavuvi wetu wanaofuata pweza na kamba kwa miwani na mshale, nitamwita mpiga mbizi. Anayeshuka na mtungi mgongoni nitamwita mzamiaji wa mtungi. Huyu wa pili ana fulana inayojazwa hewa ili aelee, mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi ili azame, mapezi miguuni, na kipumulio, yaani kile kifaa cha mdomoni kilichounganishwa na mtungi kwa mpira. Kipumulio cha aina hii kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau pamoja na mhandisi Émile Gagnan. Hakimwagi hewa ovyo. Humpa mzamiaji hewa yenye presha sawa na ya maji yanayomzunguka pale alipo. Jambo hilo usiliachie, maana yote yanayofuata yanatoka humo.

Sasa mtungi. Kilichomo ndani ni hewa hii hii unayovuta ukiwa unasoma: takriban asilimia 78 naitrojeni, asilimia 21 oksijeni, na kilichobaki ni mchanganyiko wa gesi nyingine. Hujazwa kwa kompresa, ndugu yake ile ya fundi wa pancha, ila hii ina nguvu zaidi na ina vichujio. Tairi la gari dogo hujazwa presha ya kama bar 2 (bar ni kipimo cha presha). Mtungi wa kuzamia hujazwa hadi bar 200, mara mia. Ndiyo maana mtungi wenye ujazo wa lita 11 hubeba hewa ambayo ingeachiwa huru ingefika kama lita 2,200. Hewa hiyo ina uzito wake, zaidi ya kilo mbili na nusu, na ndiyo maana mtungi wa alumini unapokaribia kuisha huanza kukuvuta juu kama boya. Mgeni asiyejua hilo hujikuta anapanda asipotaka.

Kichujio cha kompresa si cha kupuuzia. Mashine ikifungwa mahali inapovuta moshi wa injini yake yenyewe, mtungi utajaa sumu ya moshi, na sumu hiyo chini ya maji huzidi ukali. Hewa safi ya mtungi haina harufu wala ladha. Ukihisi harufu ya mafuta au moshi kabla ya kushuka, usishuke nao.

Kwa nini basi wasijaze oksijeni tupu, ikiwa ndiyo mwili unayoitaka? Kwa sababu oksijeni nayo ikikandamizwa hugeuka sumu. Oksijeni tupu, kuanzia kama mita 6 kwenda chini, inaweza kumletea mtu degedege la ghafla, na mwenye degedege majini huachia kipumulio akazama. Wapo wazamiaji wanaotumia hewa iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi asilimia 32 au 36, inayoitwa naitroksi. Wamejifunza, mitungi yao ina alama, na kikomo chao cha kina ni kifupi kuliko cha anayetumia hewa ya kawaida. Lakini ule mtungi wa kila siku unaouona umepangwa kwenye boti ni wa hewa tu.

Twende kwenye presha. Hapa juu ya nchi tumebeba uzito wa anga lote, ule tunaouita bar 1, na kwa kuwa tumezaliwa nao hatuuhisi. Ukishuka mita 10 baharini, maji yanakuongezea bar nyingine, zinakuwa 2. Mita 20 ni 3, mita 30 ni 4. Mwili wenyewe hauna shida, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji, na maji hayaminyiki. Shida iko penye hewa: masikio, mianzi ya pua, na mapafu.

Siku moja nilishuka na chupa tupu ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, kizibo kimekazwa. Nilipofika mita 10 mbavu zake zilikuwa zimeingia ndani, nusu ya chupa imejikunja. Hewa haikutoka, ilikuwa imebanwa nafasi. Nikafungua kizibo, nikaigeuza kichwa chini, nikaijaza kwa mapovu ya kipumulio mpaka ikanyooka tena, nikaifunga. Nikaanza kupanda nayo polepole. Mita 8, mita 5, chupa ikawa inakaza. Nilipofika juu ilikuwa ngumu kama soda isiyofunguliwa, na nilipolegeza kizibo ilipiga "pssss" mpaka nahodha akageuka. Chupa ya plastiki ilivumilia. Pafu la mwanadamu halivumilii hivyo.

Angalia tena zile hesabu, kuna jambo limejificha. Kutoka mita 30 hadi 20, presha inashuka kutoka 4 hadi 3; hewa iliyofungiwa inatanuka kwa theluthi moja. Kutoka mita 10 hadi juu, inashuka kutoka 2 hadi 1. Hewa inatanuka mara mbili. Kwa hiyo zile mita 10 za mwisho, zenye mwanga, ambazo mtu anaziona kama ameshafika nyumbani, ndizo zenye mabadiliko makubwa kuliko zote. Ndiyo sababu pia masikio huuma zaidi mwanzoni mwa kushuka. Dawa yake ni kubana pua na kupuliza taratibu, mapema kabla maumivu hayajaja, na kurudia kila baada ya hatua ndogo. Mwenye mafua asishuke siku hiyo. Kulazimisha kunaweza kupasua kiwambo cha sikio.

Hapo ndipo wazee wa pwani huuliza swali ambalo ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watalii: "Mbona mimi nimefuata pweza miaka arobaini, nashuka napanda kama mshale, na sijapasuka pafu?"

Jibu ni kwamba mzee alibeba pumzi ya juu. Tuseme alivuta lita 6. Alipofika mita 10 zikaminywa kuwa lita 3, na aliporudi zikawa 6 zile zile alizoondoka nazo. Hakuna kilichozidi. Mzamiaji wa mtungi hupewa pumzi huko huko chini. Akijaza mapafu lita 6 akiwa mita 10, kisha akabana pumzi na kupanda, hewa ile inataka kuwa lita 12 ndani ya kifua cha lita 6. Tishu za mapafu huchanika, na hewa ikiingia kwenye damu inaweza kufika kwenye ubongo. Haihitaji kina kirefu. Mita moja na kitu zimetosha kumuumiza mtu aliyekuwa anajifunza kwenye bwawa la kuogelea.

Kwa hiyo amri ya kwanza ya mzamiaji wa mtungi inapingana na kila kitu silika inachomwambia: usibane pumzi kamwe. Hata ukiishiwa na hewa, hata ukipanda kwa dharura, toa hewa mdomoni njia nzima kwa sauti ya "aaaa". Na mpiga mbizi anayekutana chini na rafiki mwenye mtungi asidokoe pumzi yake kwa utani. Akivuta pumzi moja kwenye kile kipumulio, ameacha kuwa kama yule mzee. Amri ya mtungi imemshika na yeye.

Mzee naye ana hatari yake, ni tofauti tu. Mpiga mbizi anayehema harakaharaka mara nyingi kabla ya kushuka, akidhani anajaza oksijeni, kwa kweli anachofanya ni kupunguza ile gesi ya kaboni inayomwambia mtu "panda, pumzi imeisha". Kengele haipigi, na anazimia akiwa karibu kabisa na juu. Vijana wanaoshindana kukaa chini wanapaswa kulijua hili.

Sasa naitrojeni, hii ambayo haitajwi barazani hata mara moja. Hapa juu tunaivuta na kuitoa bila mwili kuitumia. Lakini kadiri presha inavyozidi ndivyo inavyoyeyuka kwa wingi kwenye damu, mafuta na viungo. Kina kirefu na muda mrefu, naitrojeni nyingi. Zaidi ya mita 30 hivi huanza kulevya: mtu anacheka peke yake, anasahau kutazama geji, kile kipimo cha hewa iliyobaki. Akipanda kidogo ulevi huisha. Ile iliyoyeyuka mwilini, hata hivyo, bado imo, na lazima itoke.

Mtoto ametumwa dukani kununua soda, amerudi mbio. Mama anayeijua kazi hafungui kizibo mara moja. Anakilegeza kidogo, shhh, anakikaza, anasubiri, anakilegeza tena. Soda inabaki chupani na nguo zinabaki kavu. Kupanda kutoka chini ya bahari ni kazi ile ile. Ukipanda taratibu, naitrojeni hutoka kwenye damu kwenda kwenye mapafu na unaipumua nje. Ukipanda kwa kasi, inafanya mapovu humo humo mwilini: kwenye mabega, viwiko, magoti, na ikiwa vibaya zaidi kwenye uti wa mgongo.

Siku hizi mzamiaji hupanda kwa kasi isiyozidi kama mita 9 kwa dakika, yaani mita 30 zichukue zaidi ya dakika tatu. Halafu anasimama mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kumaliza. Mkononi huvaa kompyuta ndogo kama saa, inayohesabu kina na muda na kumwambia amebakiwa na dakika ngapi.

Aliyetuonyesha njia ya kupanda kwa vituo ni mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, aliyetoa majedwali yake mwaka 1908 baada ya majaribio ya mbuzi. Mbuzi waliwekwa kwenye chumba cha presha, kisha presha ikashushwa kwa njia mbalimbali. Aliyepatwa alionekana wazi: alinyanyua mguu mmoja wa mbele asiukanyagie.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika maji ya Zanzibar, na kusini mwa pwani ya Kenya, wapo vijana wanaoshuka na mitungi kufuata jongoo bahari, na wengine hawajawahi kukaa darasani hata saa moja. Jongoo wa maji mafupi wamepungua, kwa hiyo wanafuatwa kina kirefu, mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu kwa siku moja, na mtungi ukiisha mtu anapanda kama alivyofundishwa na baba yake: mbio. Jioni bega linauma. Usiku miguu ina ganzi. Asubuhi hawezi kukojoa wala kusimama. Nyumbani wanasema amekanyaga mahali pabaya, amepigwa na jini la bahari, na anaanza kukandwa mafuta na kufukizwa.

Sidharau imani ya mtu, na dua haijamdhuru mgonjwa. Lakini maradhi haya haya yaliwapata wafanyakazi waliojenga misingi ya daraja la Brooklyn, New York, miaka ya 1870. Hawakuwa wazamiaji. Walifanya kazi wakiwa wakavu, ndani ya masanduku makubwa chini ya mto yaliyojazwa hewa ya presha ili maji yasiingie, na walipotoka nje upesi walikunjwa na maumivu. Mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, alidhoofishwa nayo. Hakuna aliyeingia baharini pale. Kilichokuwepo ni hewa iliyokandamizwa na kutoka kwa haraka.

Kujua kwamba ni presha na si jini kuna maana kubwa kwa mgonjwa, kwa sababu saa zinahesabika. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa chache, na kwa kawaida kabla ya saa 24 kupita: maumivu ya viungo yasiyotokana na kuteguka, ganzi, kizunguzungu, mabaka ya ngozi, uchovu usio wa kawaida, miguu kulegea. Mtu aliyetoka kuzamia kwa mtungi akiwa na mojawapo, achukuliwe kuwa anao ugonjwa huu mpaka daktari aseme vinginevyo. Alazwe chali, apewe oksijeni tupu apumue, na apelekwe penye chemba ya presha, ambapo hurudishwa kwenye presha ya juu mapovu yanywee, kisha hushushwa taratibu kwa saa kadhaa. Unguja chemba ya namna hiyo iliwekwa Matemwe. Popote unapozamia, ulizia kabla ya kushuka iliyo karibu na inayofanya kazi siku hiyo iko wapi, na nani atakupeleka.

Dawa moja ya mitaani ni ya hatari kweli: kumvalisha mgonjwa mtungi mwingine na kumrudisha chini "maumivu yapoe". Yanapoa kwa muda, ni kweli, kwa sababu presha inaminya mapovu. Lakini anavuta naitrojeni nyingine juu ya ile iliyomshinda, akiwa dhaifu, kwenye maji yanayompoza mwili, na akipanda mara ya pili huenda asitembee tena.

Kuna wanaojiuliza kwa nini mgeni aliyezamia asubuhi anakatazwa kupanda ndege jioni. Ni ile soda tena. Ndani ya ndege presha ni kama ya mtu aliye juu ya mlima, hadi kama mita 2,400. Ushauri unaofuatwa ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa au siku kadhaa. Kwetu kuna sura nyingine ya jambo hili ambayo haisemwi vya kutosha: mlima wenyewe. Anayetaka Kilimanjaro na Zanzibar katika safari moja aanze na mlima, amalizie na bahari. Hata kutoka Tanga ukapanda Lushoto jioni ile ile ni kupanda.

Baada ya yote hayo mtu ataniuliza kama kuna haja ya kushuka hata kidogo. Ipo, na habari njema ni kwamba kizuri hakiko mbali. Matumbawe, ambayo wengi tunayaita mawe, ni wanyama: maelfu ya viumbe vidogo wanaojijengea nyumba za chokaa, na ndani ya miili yao wamefuga mwani unaowapikia chakula kwa mwanga wa jua. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa wanamfukuza yule mwani, ndipo tunapowaona weupe, kama ilivyotokea katika bahari yetu mwaka 1998. Kwa kuwa wanategemea jua, sehemu zenye uhai mwingi ziko kwenye maji mafupi. Mita 12 za Mnemba zina rangi ambazo mita 30 hazina, kwa sababu maji humeza nyekundu kwanza. Ukijikata mita 30, damu yako inaonekana ya kijani.

Na hesabu ya hewa inakubaliana na matumbawe. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya nchi, mtungi wake wa lita 2,200 ungemtosha dakika 110. Mita 10, kila pumzi hubeba hewa mara mbili, zinabaki 55. Mita 30 hazifiki 28, na hapo hujaacha akiba ya kupandia. Ukikaa juu kidogo unaona mengi, kwa muda mrefu, na naitrojeni kidogo. Nimekaa dakika nzima mita 8 nikimsikiliza samaki pono akitafuna mwamba, krap, krap, sauti inakuja wazi kama mtu anayekula bisi pembeni yako, na mchanga mweupe ukimtoka nyuma kama vumbi la unga.

Usiguse, usikanyage. Pezi moja la mtu asiyejua kujisawazisha huvunja kilichojengwa kwa miaka.

Anayetaka kuanza aende kwa mwalimu mwenye cheti, ajaze ile fomu ya afya bila kuficha pumu, moyo, au ujauzito, na akubali kwamba cheti cha kwanza kina kikomo cha mita 18. Na kabla hajalipa, aingie kwenye boti aulize: "Oksijeni iko wapi?" Wamwonyeshe mtungi wake, mdogo, wa peke yake, pamoja na barakoa, umejaa. Huo haushuki majini. Hukaa ndani ya boti ukimsubiri atakayepanda vibaya, na kama haupo, ashuke kwenye boti ile akatafute nyingine.